Maisha ya Wilhelmina Fabian Maneno, Mfuga Chatu wa Maili Moja

Baba Padre, ndugu, majirani. Anayesoma ni Vailet, binti yetu wa kwanza. Maneno ni yangu mimi, Sixtus Kondo, mume wa marehemu. Shule sikwenda, kwa hiyo nimesema, yeye ameandika. Ameniambia, "Baba, usiseme kwa hasira, hii inachapishwa." Nimejaribu. Palipobaki hasira mnisamehe, sikupata pengine pa kuipeleka.

Wengi mmeuliza kwa nini Mama Vailet anazikwa hapa Kibaha na siyo kwao Kibuta, alikoomba mwenyewe, ubavuni mwa mama yake. Sababu ni nyoka. Nitafika huko. Lakini kwanza asemwe yeye, maana tangu Jumanne nasikia habari za nyoka tu, utadhani ndiye aliyekufa.

Wilhelmina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika kijiji cha Kibuta, Wilaya ya Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fabian Maneno na mkewe, ambao wote wametangulia. Alibatizwa akiwa mchanga. Alikua akiokota korosho na kuchunga mbuzi wa baba yake. Mama mkwe alipenda kunisimulia habari moja ya utoto wake. Chatu aliingia shambani akameza mwanambuzi, akalala palepale chini ya mkorosho, tumbo limejaa. Wanaume wakamzunguka na magongo. Wilhelmina, binti mdogo bado, akalia sana. Mzee Fabian akamuuliza, "Unamlilia mbuzi?" Akasema, "Namlilia nyoka." Kwa nini? "Ameshiba, hawezi kukimbia. Mngempiga kabla hajala." Walicheka kijiji kizima. Nyoka walimuua.

Alisoma Shule ya Msingi hapohapo Kibuta kuanzia mwaka 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972. Alikuwa na mwandiko mzuri na alipenda kusoma kwa sauti. Nafasi ya kuendelea hakupata. Akarudi kwenye mikorosho.

Mimi nilifika Kibuta mwaka 1978 na mafundi wenzangu kujenga ghala la kijiji. Yeye alikuwa akileta maji ya kuchanganyia saruji. Siku moja akatua ndoo, akatazama kazi yangu, akasema, "Fundi, ukuta wako umelala upande huu." Nikamwambia aende zake, wanawake hawajui kuta. Alipoondoka nikachukua timazi nikapima. Ulikuwa umelala. Tulifunga ndoa takatifu tarehe 22 Septemba 1979, na Mungu akatujalia watoto wawili, Vailet na Fabian.

Mwaka 1983 tulihamia Kibaha, hapa Maili Moja, kwa sababu ya kazi za ujenzi. Marehemu alianza kwa kupika chakula na kuwauzia mafundi. Mwaka 1994 alipata kazi ya kupika kwenye bustani ya nyoka ya Mzee Latifu, iliyokuwa kando ya barabara ya Morogoro, ambako wageni walishuka kutazama. Alipika kwa muda. Halafu mfanyakazi mmoja akaacha kazi na Mzee Latifu akamwambia, "Mama, unaweza kufagia upande wa chatu?" Akaja nyumbani kuniuliza. Nikakataa. Kesho yake akaenda akafagia.

Mimi nyoka simpendi. Sikumpenda wakati ule na sasa simpendi. Nalisema hili mapema ili msidhani nilichofanya wiki hii nimekifanya kwa mapenzi ya nyoka.

Mzee Latifu alimfundisha kwa miaka mingi naye akaijua kazi. Chatu hana sumu, lakini meno yake yameelekea nyuma, akishika haachii, na akishashika anazungusha mwili. Chatu mkubwa haingiliwi na mtu mmoja. Mmoja anaingia, mwingine anakaa mlangoni na chupa ya spiriti, ya kummiminia nyoka mdomoni akishika mtu. Kabla ya kuingia anaguswa kwanza na fimbo ya kulabu, taratibu, ajue kwamba hicho kilichofungua mlango siyo chakula. Macho yakiwa na ukungu anataka kujivua gamba, aachwe. Anapewa sungura aliyekwisha kufa, asihangaike naye. Na kubwa kuliko yote, aliyeshika mnyama mwenye damu, kuku, mbuzi, chochote, asisogelee banda mpaka aoge kwa sabuni, abadilishe na nguo. Chatu haoni vizuri. Ananusa. Akinusa mbuzi, wewe ni mbuzi.

Pale bustanini palikuwa na chatu jike aliyeletwa mdogo mwaka 1998. Alikua akawa mkorofi. Wengine ukiwazoea wanatulia, huyu hapana. Alimuuma kila aliyemhudumia isipokuwa Wilhelmina, na yeye alikuwa akisema, "Mimi bado zamu yangu." Alimwita Mheshimiwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Analala, anakula, hatabasamu, na akitoka lazima watu wapishe njia."

Mzee Latifu alifariki mwaka 2009 na bustani ikafungwa. Nyoka wengine walichukuliwa. Mheshimiwa hakuna aliyemtaka. Marehemu akafuatilia kibali serikalini, kwa jina lake, akapewa. Mimi nikaambiwa nijenge banda. Nililijenga nyuma ya nyumba, matofali na nyavu nzito, milango miwili, wa nje na wa ndani, ili wa ndani usifunguliwe kabla wa nje haujafungwa. Ukuta haukulala upande wowote. Alipima.

Kila mwaka walikuja watu wa wanyamapori kukagua. Wa miaka ya karibuni alikuwa Bwana Ipyana, kijana wa watu, mwenye heshima, anayevua viatu mlangoni. Hawakuwahi kukuta kosa.

Jirani yetu Raudha ndiye alikuwa mtu wa mlangoni. Kwa miaka yote hiyo alishika chupa ya spiriti akisoma dua kimoyomoyo, na Wilhelmina akiwa ndani husema, "Raudha, soma kwa sauti, na mimi nipate."

Sasa niseme yaliyonichosha.

Walisema Mama Vailet anafuga nyoka wa utajiri, anayetapika hela usiku. Nimewajibu mara ngapi? Hela za nyoka zingekuwepo, paa letu lingevuja? Kila mvua mnaniona juu ya dari na makopo. Wakaja wa mafuta ya chatu, eti dawa ya viungo. Wakaja wa ngozi. Akaja kijana kutoka Dar na simu, akasema, "Bibi, nimweke shingoni nipige picha moja tu." Marehemu akamuuliza, "Nyumbani una shingo nyingine?" Kijana akacheka. Akamwambia, "Nakuuliza kweli." Kijana akaondoka.

Wengine walitaka wafuge wao. Waliona kwenye simu watu wa nje wanafuga, wakapata hamu. Hao aliwakalisha kwenye mkeka. Aliwauliza: kibali unacho? Banda unalo? Mkeo anajua? Huyu mdogo atakuwa mkubwa kuliko kitanda chako na ataishi mpaka wanao waoe, nani atamtunza ukiugua? Ukisafiri? Na nani atasimama mlangoni? Wengi waliishia kwenye swali la mke. Nasema haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu wa mchezo. Alijua anafuga kitu kizito na hakumshauri mtu yeyote afuge. Mimi pia hakunishauri. Alinijengesha tu.

Kuanzia mwaka 2019 alisumbuliwa na presha, baadaye na figo. Alitumia dawa. Mwaka jana mwishoni alimwita Bwana Ipyana nyumbani akamwambia, nikiwa nimekaa hapo, "Nguvu zinapungua. Nikiondoka, huyu mchukueni akiwa hai, mumpeleke kwa watu wanaojua kazi. Naahidi hataguswa na panga hapa." Bwana Ipyana akasema watatafuta mahali. Wakapata. Kipindi hichohicho, siku nyingine, aliniambia mimi, "Baba Vailet, unizike Kibuta, kwa mama." Nikasema sawa. Kumbe nilikuwa nimekubali maneno mawili yatakayogombana.

Tarehe 2 Juni mwaka huu, 2025, asubuhi, alikuwa akianika nguo. Akadondoka. Raudha alimwona kutoka uani kwake, ndiye aliyepiga kelele. Alikimbizwa hospitali, daktari akasema ni kiharusi. Alilazwa, hakuzungumza tena, na Jumanne tarehe 10 Juni akafariki, mimi nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa akianika nguo. Hakuwa bandani. Hakubanwa, hakuumwa, hakutazamwa vibaya na mnyama yeyote. Jana tena nimesikia mtu kwenye turubai akisema, "Yule nyoka alimkamua polepole." Ndugu, aliyekamua ni presha.

Ndugu wa Kibuta walifika Jumatano, wakiongozwa na shemeji yangu Pazi, kaka wa marehemu. Alikuja na huzuni ya kweli, nilimwona akilia nyuma ya nyumba ambako alidhani hakuna mtu. Alhamisi alichinja mbuzi wa waombolezaji. Halafu, bila kumwambia mtu, akachukua ufunguo kwenye msumari akaingia bandani peke yake. Kwao mnyama aliyefugwa huambiwa mfugaji wake akifa. Ng'ombe huambiwa, mbwa huambiwa, asije akanyauka au akapotea. Sikatai desturi ya mtu. Lakini alikuwa hajanawa. Damu ya mbuzi ilimfika viwikoni.

Tukasikia, "Sixtus! Sixtus! Ananila!"

Nilikuta Mheshimiwa ameshika kiganja cha kulia na ameuzunguka mkono hadi begani. Raudha alikwisha kufika na chupa. Pazi akasema, "Mkateni kichwa!" Raudha akamwambia, "Tulia kaka, ukivuta unajichana mwenyewe." Akamimina spiriti mdomoni mwa nyoka. Mimi nikashika mkia. Chatu hafunguliwi kwa kichwa, anafunguliwa kuanzia mkiani. Hilo nililisikia kwa marehemu mara nyingi, kulifanya ilikuwa mara ya kwanza. Nikamkunjua pindi baada ya pindi. Akaachia. Pazi akapelekwa zahanati, akaoshwa, akashonwa, mkono upo, vidole vyote vipo, tunamshukuru Mungu.

Alivyorudi akiwa amefungwa bandeji alikuta wazee wamekwisha kukaa kikao na mapanga yapo magotini. Nikawaambia alichoahidi marehemu. Pazi akasema, "Shemeji, mimi nilikwenda kumwambia dada yangu amekufa. Jibu lake ndilo hili." Nikamwambia hakujibu, alinusa mbuzi. Akasema, "Wewe unamtetea mnyama mbele ya damu yangu?" Na damu kweli ilikuwepo, na maumivu yalikuwa yake.

Wakanyanyuka kwenda bandani. Mlangoni wakamkuta mtani wetu Zena.

Zena ni Mnyamwezi, jirani wa nyumba ya tatu. Wazaramo na Wanyamwezi wanajua wenyewe wanavyofanyiana msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Alikuwa amevaa mabuti ya marehemu na kilemba chake, ameshika ile fimbo ya kulabu, amekaa kwenye kiti mbele ya mlango. Ufunguo alikwisha kuutumbukiza kifuani.

"Pazi," akasema, kwa sauti ya mke wangu hasa, mpaka nikashtuka. "Dada yako nimekaa hapa, huniamkii?"

Pazi akasema, "Mtani, toka."

"Nitoke niende wapi? Mimi marehemu. Nangoja kuzikwa."

Watu wakaanza kucheka. Pazi akasema, "Tupe ufunguo, bwana, si wakati wa mchezo."

"Ufunguo una fidia. Nataka ng'ombe mwekundu, na mwanaume mmoja wa Kibuta asiyeogopa nyoka. Ng'ombe najua mnaye. Huyo mwingine mtamwazima wapi?"

Kilikuwa kicheko. Wazee wawili walikaa chini kwa kucheka. Hata Pazi, nilimwona, mdomo ulimcheza. Mtani akishashika kitu msibani, huwezi kumnyang'anya kwa nguvu, ni aibu kwa ukoo. Mapanga yakarudi ndani. Zena alikesha pale kwenye kiti na mabuti ya mke wangu. Ijumaa asubuhi Bwana Ipyana na wenzake wakaja na sanduku la mbao, wakapewa ufunguo na Zena bila fidia yoyote, wakamtoa Mheshimiwa, wakampakia, wakaondoka naye. Hai. Hakuna aliyeumia.

Nikashukuru. Nikadhani limekwisha. Pazi na wenzake walikuwa wameondoka alfajiri kwenda Kibuta kuchimba kaburi. Nikampigia simu.

"Shemeji, mnyama ameondoka."

"Ameuawa?"

"Ameondoka. Serikali imemchukua."

"Sixtus, nimekuuliza, ameuawa?"

"Hapana."

Akasema, "Basi kaburi halijachimbwa. Ukoo umekaa. Mnyama aliyeonja damu ya ukoo, na yupo hai, hatuwezi kumzika mfugaji wake katikati ya baba na mama. Watoto wetu wanalala hapa."

Nikamwambia mnyama yuko mbali, hajui Kibuta iko wapi. Nikamwambia dada yako aliomba. Akasema, "Mwambie huyo Ipyana wako amuue huko aliko, alete kichwa, tunachimba leoleo." Nikauliza, na nisipofanya? Akasema, "Zikeni huko." Akakata.

Nilikaa na ile simu mkononi. Nilikuwa na hasira na Pazi. Nilikuwa na hasira na Wilhelmina pia, niseme kweli, aliyeniachia mnyama nisiyempenda na maneno mawili, halafu akaondoka bila kuniambia lipi lianze. Nikamuuliza Vailet. Akasema, "Baba, amua wewe." Nikamuuliza Fabian. Akasema hivyohivyo. Kusoma wanajua, lakini kuamua wakaniachia mimi.

Nimeamua hivi. Mke wangu alisema mnyama asiuawe, na alisema azikwe Kibuta. Nikivunja la kwanza, kuna kitu kinakufa. Nikivunja la pili, amelala kwenye udongo mwingine. La pili linaniuma mimi zaidi, na nadhani linamuuma yeye, kama huko aliko kunauma. Lakini linarekebishika kwa mtu kwenda na kurudi kumtembelea. Kichwa kilichokatwa hakirudishiki. Na yeye hawezi tena kusimama kujitetea, kwa hiyo siwezi kuwa mimi wa kumpa mtu panga.

Ndiyo maana mko hapa Kibaha na siyo Kibuta. Asitafute mtu sababu nyingine.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Vailet na Fabian, wajukuu watano, na kaka yake Pazi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Padre na jumuiya yetu, Raudha, na mtani Zena, ambaye ameambiwa avue mabuti na amekataa.

Shemeji Pazi. Wakati karatasi hii inachapishwa sijui kama utakuja. Nilikutumia ujumbe, hukujibu. Kama umo humu, usisimame nyuma. Wewe ndiye uliyebaki katika nyumba ya Mzee Fabian. Nikishaweka udongo mimi, anayefuata ni wewe, kwa huo mkono mzima. Kama hukuja, nafasi yako itaachwa, hataiziba mtu.

Wilhelmina, umechoka, lala kwa amani ya Mungu. Haya mengine tuachie sisi tugombane.